Mwizi akifa, tusijifiche nyuma ya "wananchi wenye hasira kali"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu maneno manne ambayo gazeti lako, kama magazeti mengine ya nchi hii, huyaandika karibu kila mara mwizi anapouawa: "wananchi wenye hasira kali". Nimeyasoma maneno hayo kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuyatilia maanani, hadi masika ya mwaka huu, ambapo mtu alikufa hatua chache kutoka mlangoni kwangu na mimi mwenyewe nikawa mmoja wa wananchi hao. Sikumbuki kuwa na hasira usiku ule. Nakumbuka nilikuwa na usingizi, na tochi mkononi.

Ninaishi Bugarika, jijini Mwanza, upande ule ambako nyumba zimebanana na mawe kiasi kwamba baadhi yetu tumelifanya jiwe kuwa ukuta wa nne wa jiko. Jirani yangu anafanya biashara ya dagaa. Hununua mwaloni Kirumba na kusafirisha magunia mikoani, na kwa kuwa biashara hiyo bado inakwenda kwa fedha taslimu, mtaa mzima unajua kwamba kuna siku analala na fedha ndani. Yapata saa tisa usiku wezi wawili walikata nondo mbili za dirisha lake la jikoni na mmoja wao akaingia. Jirani aliamshwa na sufuria iliyoanguka, akashika mpini wa jembe, akakutana ana kwa ana na mtu aliyekuwa na kitu mkononi ambacho katika giza lile kingeweza kuwa panga. Baadaye kilionekana kuwa ni msumeno wa chuma. Akampiga mara moja, begani. Yule mtu akatokea dirisha lilelile aliloingilia na kuacha ndala moja ikining'inia kwenye ncha ya nondo.

Hapo ndipo yowe lilipopigwa, ambalo sisi huku Usukumani tunaliita mwano. Msomaji wa mikoa mingine huenda asielewe uzito wake: mwano ukilia watu hawangoji kushauriana, na asiyetoka ataulizwa kesho yake kwa nini hakutoka. Tulitoka kama ishirini hivi. Mwizi wa pili alikuwa ameshapotea. Huyu wa kwanza, huku bega lake limelegea, alikuwa amepanda jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba zetu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu magharibi na jiwe lilikuwa linateleza. Chini yake palikuwa na marungu, na mawe madogo yakaanza kurushwa. Mimi nilimulika juu nikasema, "Yuko huku!" Upande wa pili jiwe lile linaporomoka kama kimo cha ghorofa mbili hadi kwenye mtaro wa maji. Aliruka, au aliteleza. Mimi niliyekuwa nikimmulika siwezi kuapa ni lipi kati ya hayo mawili. Alikufa kabla gari la polisi halijafika barabarani.

Kulipokucha, kwenye kijiwe cha kahawa, hukumu ilikuwa imeshatoka. Mzee mmoja alisema za mwizi ni arobaini na zake zilikuwa zimetimia. Mwingine akasema, "Ameingia mwenyewe, amekufa mwenyewe," na wengi wakaitikia. Hata hivyo, saa nne asubuhi jirani yetu alichukuliwa na polisi, akakaa mahabusu siku nne, na kijiwe kilekile kikageuka na kuanza kulalamika kwamba sheria ya nchi hii inawalinda wezi. Malalamiko hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu yanaificha sehemu ya sheria inayotuhusu sisi tuliokuwa nje zaidi kuliko yeye aliyekuwa ndani.

Mimi si mwanasheria. Nilikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo kwa miaka tisa, na kesi za kuua hazifiki mahakama ya mwanzo, lakini nilizoea kusoma, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ninayo nyumbani. Kwa namba za nakala hiyo, kifungu cha 18A kinampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake, na kulinda mali yake au iliyo chini ya uangalizi wake. Kifungu cha 18B kinasema anayejilinda anaruhusiwa kutumia nguvu ya kiasi tu, ile inayohitajika kwa ulinzi huo, na kwamba aliyesababisha kifo kwa kuzidisha nguvu wakati wa kujilinda atakuwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Kifungu cha 18C kinakwenda mbali zaidi ya wanavyodhani wenzangu wa kijiweni: kinakubali kwamba haki hiyo inaweza kufika hadi kusababisha kifo, na miongoni mwa mazingira kinayoyataja ni uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi na uchomaji moto. Vifungu hivi viliingizwa mwaka 1980, kwa hiyo si jambo geni. Isitoshe, anayesema alikuwa akijilinda hatakiwi kuthibitisha hivyo. Ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya msingi, kwamba hakuwa akijilinda.

Kwa hiyo jirani yangu jikoni kwake, gizani, mbele ya mtu aliyeingia kwa kukata nondo na mwenye chuma mkononi, sheria ilikuwa upande wake. Hata kama pigo lile lingemwua yule mtu palepale kati ya sufuria, naamini angekuwa na utetezi mzuri. Hakimu hatamhukumu kwa kilichokuja kujulikana asubuhi, kwamba panga lilikuwa msumeno; atauliza kama wakati ule aliamini kwa dhati, na kwa sababu zinazoingia akilini, kwamba asipopiga atadhurika yeye au watoto waliolala chumba cha pili. Lakini wanaokitaja kifungu cha 18C kijiweni hukisoma kuanzia katikati. Wanaona neno uvunjaji na kudhani mwenye nyumba amepewa kibali cha kuua kila avunjaye. Kifungu chenyewe kinaanza na nia njema na imani ya kweli kwamba tendo hilo ni la lazima ili kuokoa maisha, mwili au mali, na kama imani hiyo haipo, orodha inayofuata haimsaidii mtu.

Na imani hiyo ina mwisho wake. Mwizi aliyelala chini akiwa amefungwa kamba hatishii tena maisha ya mtu. Mwizi aliyekwisha toka dirishani mikono mitupu, anayekimbia kwa mguu mmoja wenye ndala na mwingine mtupu, haibi tena chochote. Kuanzia hapo anayepiga hajilindi. Anaadhibu, na kazi ya kuadhibu hakupewa. Nimesikia hoja kwamba akiachwa atarudi kesho, na ninaielewa, kwa maana mimi pia nimewahi kuibiwa, lakini kujilinda dhidi ya kesho si kujilinda kunakotajwa katika kifungu chochote nilichosoma.

Sasa tuje kwenye jiwe, kwa sababu pale ndipo watu wengi wanapodhani hakuna wa kuulizwa. Hakuna aliyemgusa yule mtu akiwa juu. Aliruka au aliteleza mwenyewe. Kifungu cha 203 kinaeleza maana ya kusababisha kifo, na kinasema kwamba mtu anahesabiwa kuwa amesababisha kifo cha mwenzake iwapo kwa vurugu au kwa kumtishia vurugu amemfanya afanye tendo lililomwua, endapo tendo hilo lilikuwa njia ambayo katika mazingira yale ingeonekana ya kawaida kwa mtu anayekwepa kuumizwa. Nilipokisoma kifungu hicho usiku wa pili nilikifunga kitabu nikaenda kukaa nje. Watu ishirini wenye marungu chini, mawe yanarushwa, tochi usoni, giza nyuma: mtu aliye pale juu angefanya nini kingine? Nadhani hata mimi ningeruka.

Kisha kuna kifungu cha 22, kinachomhesabu mshiriki kila anayesaidia kosa litendeke, na cha 23, kinachosema watu wakiungana katika kusudi lisilo halali, na kosa likatokea ambalo ni matokeo yanayotarajiwa ya kusudi hilo, kila mmoja wao anahesabiwa kulitenda. Hapo haulizwi nani alirusha jiwe lipi. Tochi inatosha kumfanya mtu aitwe kuandika maelezo, nami niliitwa.

Nirudi kwenye hasira, Mhariri, kwa kuwa ndilo neno lako. Sheria ina nafasi ya hasira, lakini ni ndogo kuliko magazeti yanavyoifanya. Kifungu cha 201 kinapunguza kosa kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia pale mtu anapoua akiwa ameghadhabishwa ghafla na kabla hasira haijapoa. Kinapunguza tu, hakifuti. Na kifungu cha 202 kinaeleza ni hasira ya nani inayohesabika: ya aliyetendewa uovu mwenyewe, au aliyeona ukitendwa mbele yake kwa mtu aliye chini ya uangalizi wake, au kwa mwenzi, mzazi, mtoto, ndugu, bwana au mtumishi wake. Jirani aliyekuja kusaidia hayumo. Mpita njia wa bodaboda aliyesikia yowe akashuka na kuokota tofali hayumo. Yaani wale hasa ambao gazeti huwaita wenye hasira kali ndio ambao sheria haioni hasira yao kama sababu, kwa maana hawakuibiwa wala hawakuona mtu wao akiibiwa. Ukiandika hivyo, Mhariri, unawapa utetezi ambao mahakama haitawapa.

Kijana mmoja pale kijiweni, mwenye simu na maneno mengi, alituambia kwamba Marekani mambo haya yamekwisha malizwa: mwizi akiuawa na mwenye nyumba, kesi ya mauaji anapewa mwizi mwenzake aliyebaki hai. Si uongo, ila hakufika mwisho wa habari. Mwaka 2012, katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, vijana waliingia nyumba waliyodhani haina mtu. Mwenye nyumba akafyatua risasi na mmoja akafa, na wenzake, ambao hawakuwa na bunduki, wakatiwa hatiani kwa mauaji ya mwenzao na kupewa vifungo vya miaka mingi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilitengua hukumu hiyo kwa watatu kati yao na kuwaacha na kosa la kuvunja nyumba. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilichotwa, iliifuta kanuni ya namna hiyo mwaka 1957. Kwetu bado mna kipande chake: kifungu cha 200 kinahesabu kuwa nia ovu, ile inayofanya kuua kuitwe kwa kukusudia, hata dhamira ya kutenda kosa lolote ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu, na uvunjaji wa nyumba usiku unazidi hapo kwa mbali. Lakini nia peke yake haiui. Lazima huyo mshtakiwa awe ndiye aliyesababisha kifo, nami sioni jinsi mwizi aliyekwisha kimbia usiku ule angeweza kubebeshwa kifo kilichotokea mbele ya macho yetu, chini ya mwanga wetu. Wanaomtafuta ili abebe mzigo huo wanatafuta wa kupokea mzigo wao.

Tangu tukio lile limezuka jambo jingine mtaani ambalo linanitia hofu zaidi. Watu wanatega umeme. Fundi anavuta waya kutoka kwenye soketi hadi nondo za dirisha, swichi inawashwa wakati wa kulala, na mwenye nyumba analala akiamini amemaliza kazi. Nguvu ya kiasi inayotajwa katika kifungu cha 18B hupimwa na mtu aliye macho anayeona kilicho mbele yake, waya hauoni. Haujui kama mkono uliogusa nondo ni wa mwizi, wa mtoto wa jirani aliyefuata mpira asubuhi kabla swichi haijazimwa, au wa mama wa nyumba mwenyewe anayefuta vumbi. Katika mitaa yetu ya mawe, ambako njia ya kwenda bombani hupita chini ya dirisha la mtu, hilo si jambo la kufikirika tu. Huko Marekani alikokusifia kijana wetu, katika jimbo la Iowa, wenye nyumba walitega bunduki ndani ya nyumba ya shamba isiyokaliwa na mtu. Aliyeingia kuiba akavunjwa mguu kwa risasi, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakubali kwamba wamlipe mwizi huyo fidia ya dola 30,000. Alikuwa ameingia kuiba na aliikiri hatia yake. Mahakama ilisema kwamba mtu asiyeruhusiwa kufyatua risasi kwa mkono wake kulinda nyumba tupu haruhusiwi kuitegea mtambo uifyatue kwa niaba yake. Naona hoja hiyo inavuka bahari bila shida.

Wapo watakaoniuliza, basi tufanye nini, tuwape chai? Hapana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, mradi amkabidhi polisi bila kukawia. Wazee wa kanda hii wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa sungusungu, vile vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, walianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989 Bunge lilibadilisha sheria za mgambo ili kuwapa nafasi ya kisheria. Sungusungu wa zamani walikuwa na ukali wao, na mengine waliyoyafanya nisingependa yarudi, lakini walikuwa na mtemi na katibu, na usiku wa msako ulijulikana nani ametoka na nani ameshika nini. Umati wa leo hauna orodha. Ndiyo maana watu wanaupenda.

Ningependa viongozi wa mitaa, wanapokusanya fedha za ulinzi shirikishi, watumie pia dakika chache kuwaeleza watu mambo haya, hasa hili: aliyeshikwa afungwe kamba, ofisi ya mtaa ipigiwe simu, na akiwa ameumia apelekwe hospitali kwa fomu ya polisi namba 3 kama majeruhi mwingine yeyote. Mwizi akifika hospitali akiwa hai, mwenye nyumba ana kesi ya wizi ambayo yeye ni mlalamikaji. Akifia mtaroni, kuna jalada la kifo, na anayeanza kulalamika ni mwingine. Shtaka likiwa la kuua kwa kukusudia halina dhamana. Mtu hukaa gereza la Butimba akisubiri, akienda mahakamani na kurudi kwa maneno yaleyale kwamba upelelezi haujakamilika, wakati magunia yake ya dagaa yanaoza na wateja wanahamia kwa mwingine. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Ya kuua bila kukusudia inaweza kufika kifungo cha maisha. Fedha zilizokuwa ndani ya nyumba ile usiku ule, nimeambiwa, hazikufika milioni mbili.

Nawe, Mhariri, ninakuomba jambo moja. Mwandishi wako anapoleta habari ya mwizi aliyeuawa, muulize kama mwizi huyo alikuwa ndani ya nyumba au nje, kama alikuwa amesimama au amefungwa, kama alikuwa na silaha, na nani alikuwa wa kwanza kupiga na nani wa mwisho. Kama hajui, aandike kwamba polisi bado wanachunguza. Habari itakuwa fupi zaidi, lakini anayeisoma ataweza kujua kama alichosoma ni kujilinda au ni mauaji.

Jirani yangu yuko nje kwa dhamana ya polisi na jalada liko kwa Wakili wa Serikali. Sijui litarudi na uamuzi gani, na sioni kwamba yeye ndiye anayestahili kulijibu peke yake, kwa kuwa kwa jinsi nilivyoona alisimama mlangoni kwake muda wote huo na mpini wake, na hakufika kwenye jiwe. Ndala iliyobaki dirishani ilichukuliwa na askari katika mfuko wa nailoni. Ile ya pili ilipatikana mtaroni siku mbili baadaye na mama aliyekuja kutoka kisiwani kuchukua maiti ya mwanawe, ambaye alituuliza tuliokuwa tumesimama pale ni nani kati yetu aliyemwona mara ya mwisho. Hakuna aliyemjibu, nami nikiwemo. Nikiitwa mahakamani nitajibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzee wa baraza mstaafu,
Bugarika, Mwanza